MSWAKI, KARAFUU NA CHAI: JE, VINATOSHA KUMLINDA MTOTO NA JINO BOVU?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, katika toleo hili tumependa kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo mpaka siku linapotunyima usingizi, nalo ni ugonjwa wa meno kuoza. Tutaeleza jino linaozaje, ni mimea na vyakula gani Allah (S.W.) amevitia uwezo wa kupambana na vijidudu vinavyoozesha meno, na mpaka wa uwezo huo uko wapi.

Tulianza kulifuatilia jambo hili baada ya kumkosa mwanafunzi wetu mmoja kwa muda wa wiki mbili. Ni kijana wa miaka tisa, hodari wa kuhifadhi, aliyekuwa amefika katikati ya Suratul Mulk. Mwanzoni alikuwa akija madrasa huku ameshika shavu. Tulipomuuliza alitujibu, "Maalim, bibi ameshanitia karafuu, imepoa." Na kweli maumivu yalikuwa yamepoa. Nyumbani wakashukuru, wakaona jino limepona. Siku kumi baadaye uso ulivimba upande mmoja mpaka jicho likafumba, homa ikapanda, akalazwa hospitalini. Alhamdulillah amepona, lakini gego lake limeng'olewa, na lilikuwa gego la ukubwani ambalo halioti tena.

Bibi yake hakukosea kusema kwamba karafuu ni dawa. Kilichokosekana ni kujua karafuu inafanya nini na haifanyi nini. Hilo ndilo tunalotaka kila mwanafunzi na kila mzazi alijue baada ya kusoma makala hii.

JINO LINAOZAJE?

Wazee wetu husema jino limeliwa na mdudu. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria funza mdogo anayetoboa jino. Funza huyo hayupo. Waliopo ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria. Mnamo mwaka 1890 daktari wa meno wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alieleza kwamba vijidudu vya kinywani hula mabaki ya chakula na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayolainisha jino. Mwaka 1924, huko London, J. Kilian Clarke alikitambua kijidudu kimoja ndani ya meno yaliyooza na kukiita Streptococcus mutans. Mpaka leo hicho kinahesabiwa kuwa miongoni mwa wahalifu wakubwa wa ugonjwa huu, ingawa hakiko peke yake.

Kijidudu hiki kinapenda sukari, nacho huitumia kwa njia mbili. Kwanza huila na kutoa tindikali. Pili huigeuza sehemu ya sukari ile ile kuwa kitu kinachonata kama gundi, kikajijengea nyumba juu ya jino. Ule ukoga tunaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki ndio nyumba yenyewe. Ndani yake vijidudu hukaa kwa mamilioni, vimefunikwa, na mate hayavifikii kwa urahisi.

Gamba la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, lakini tindikali huliyeyusha kidogo kidogo. Kila tunapokula kitu cha sukari, tindikali hupanda ndani ya dakika chache, kisha mate huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa nzima kuirudisha chini na kulirudishia jino madini yake. Kwa hiyo mtoto anayekula pipi moja na kumaliza, mate yake hupata nafasi ya kutengeneza. Lakini anayetafuna ubuyu wa sukari tangu anapotoka nyumbani mpaka anapofika madrasa, kisha akanunua barafu wakati wa mapumziko, kisha pipi wakati wa kurudi, huyo meno yake yamo ndani ya tindikali mchana kutwa. Idadi ya mara tunazokula sukari kwa siku ina madhara makubwa, hata kama kila mara ni kidogo.

Ugonjwa huu si mdogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza.

Kwetu sisi walimu wa madrasa kuna hasara nyingine. Herufi za Thaa, Dhaal na Dhwaa hutoka baina ya ncha ya ulimi na ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na herufi ya Faa hutoka baina ya ncha za meno hayo na mdomo wa chini. Tunao watoto wa miaka minne na mitano ambao meno yao ya mbele yameoza mpaka kwenye ufizi. Mtoto huyu anajitahidi, masikini, lakini herufi haina mahali pa kutokea.

MIMEA INAPAMBANAJE NA VIJIDUDU?

Mmea hauwezi kukimbia anapokuja mdudu au ukungu kuushambulia. Allah (S.W.) ameupa silaha nyingine: viini vikali, vichungu au vyenye harufu, vilivyomo kwenye majani, magome, mizizi na mbegu zake. Watafiti hukamua viini hivyo na kuvijaribu juu ya vijidudu vya meno. Wamekuta kwamba vipo vinavyoua vijidudu, vipo vinavyozuia ile gundi isitengenezwe, na vipo vinavyovinyima chakula. Hebu tuvitazame vile ambavyo wengi wetu tunavifahamu.

1. Mti wa mswaki

Mti huu kwa jina la kitaalamu ni Salvadora persica. Huota sehemu kavu za Arabuni, India na Afrika, pamoja na nchi zetu hizi. Neno letu "mswaki" limetokana na Kiarabu, na tumelizoea kiasi kwamba hata brashi ya plastiki tunaiita kwa jina la mti.

Watafiti wa Sweden walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Walikining'iniza kipande cha mswaki juu ya vijidudu bila kuvigusa, na bado vingine vikafa, kwa sababu ya mvuke unaotoka kwenye mti. Mwaka 2011 walichapisha tena wakieleza kiini chenyewe kinachofanya kazi hiyo. Ni kiini kikali cha jamii ya kile kinachofanya haradali iwashe, na ndiyo sababu mswaki mbichi huwasha ulimi.

Hapa tuwe wakweli. Katika majaribio hayo vijidudu vilivyoathirika zaidi ni vile vinavyoharibu fizi na kuleta harufu mbaya. Kile kinachoozesha meno kiliathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba kwa upande wa kuoza, faida kubwa ya mti wa mswaki ni kule kusugua kwenyewe kunakoondoa ukoga, na kule kutiririsha mate mengi. Mwenye kuuweka mswaki mfukoni wiki nzima bila kuutumia hapati faida ya lolote kati ya hayo.

2. Karafuu

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, nayo ilistawi Unguja na Pemba tangu karne ya 19. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kiini kiitwacho yujeno. Kiini hiki hufanya kazi mbili: huua vijidudu vingi, na huifisha ganzi mishipa ya fahamu. Madaktari wa meno wenyewe hukitumia, wakikichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda.

Lakini jino likishatoboka, vijidudu viko ndani kabisa, kwenye kiini cha jino kilichojaa damu na mishipa. Karafuu iliyowekwa juu haifiki huko. Inachofanya ni kunyamazisha maumivu, na maumivu ni mjumbe. Mjumbe akinyamazishwa, ugonjwa unaendelea kimya kimya. Hivi ndivyo ilivyotokea kwa mwanafunzi wetu. Basi tumia karafuu kumsaidia mtoto alale usiku mmoja, na asubuhi mpeleke kwa daktari. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yasimiminwe kinywani, kwani huunguza fizi, na mtoto mdogo akiyameza ni sumu.

3. Majani ya chai

Chai ina viini vinavyozuia kijidudu kutengeneza ile gundi yake. Chai ya kijani inavyo kwa wingi zaidi, lakini hata chai nyeusi tunayokunywa sisi inavyo kiasi. Zaidi ya hayo mchai hufyonza madini ya floraidi kutoka ardhini na kuyaweka kwenye majani, na floraidi huimarisha gamba la jino.

Tatizo ni kwamba chai ya rangi isiyo na sukari wachache ndio wanaoinywa. Mwenye kutia vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe amempa adui chakula na silaha ya kumpiga kwa wakati mmoja, na chakula kimeishinda silaha.

4. Kitunguu thomu

Kitunguu thomu kizima hakina harufu kali. Kikipondwa ndipo kinapotengenezwa kiini kiitwacho alisini, ambacho kilitambuliwa mwaka 1944. Kiini hiki huua vijidudu vingi maabara, kikiwemo kile cha meno. Lakini kukipaka kibichi kwenye ufizi huunguza. Tena sote tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thomu kuja msikitini mpaka harufu imtoke. Basi tukile kwenye mchuzi kwa faida zake nyingine, tusikifanye dawa ya kusugulia meno kabla ya kwenda jamaa.

5. Urukususi na kakao

Mzizi wa urukususi ni mtamu, na wengi tunaujua kama dawa ya kikohozi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa ndani yake viini vinavyokiua kijidudu cha meno, na wakavitumia kutengenezea pipi za kijiti zisizo na sukari. Hata hivyo urukususi ukiliwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo wenye maradhi hayo wajihadhari.

Huko Osaka, Japani, watafiti walikuta kwamba maganda ya mbegu za kakao yana viini vinavyozuia vijidudu visishike kwenye meno. Tuzingatie hapo: maganda ndiyo yanayotupwa, na kinacholiwa ni chokoleti yenye sukari.

6. Sukari ya zailitoli

Hii ni sukari ya aina yake inayopatikana kwa kiasi kidogo katika matunda na miti. Ladha yake ni tamu, lakini kijidudu cha meno kikiimeza hakiwezi kuitumia kutengeneza tindikali. Majaribio makubwa ya mwanzo yalifanyika Turku, Finland, miaka ya 1970. Siku hizi huwekwa katika baadhi ya ubani wa kutafuna na dawa za meno.

MAABARA SI KINYWA

Msomaji anaweza kusema, "Alhamdulillah, mimea ipo, basi tuachane na dawa za dukani." Hapana, tusiharakishe. Katika maabara kiini hukamuliwa kikawa kikali, kikawekwa pamoja na kijidudu kwa saa nyingi ndani ya kisahani. Kinywani kila kitu husombwa na mate kwa dakika chache, na vijidudu vimejificha ndani ya ukoga. Kwa hiyo mmea unaofanya vizuri maabara unaweza kuwa msaidizi tu kinywani. Ukoga kwanza uondolewe kwa kusuguliwa, ndipo msaidizi apate kazi ya kufanya.

Yako pia mambo ya asili yenye kudhuru meno. Ndimu ni tunda zuri, lakini kusugulia meno ndimu ili yang'ae ni kuyatia tindikali kwa mkono wako mwenyewe. Asali ndani yake mna shifaa, kama tulivyofundishwa, lakini ni sukari pia, na kumpaka mtoto asali kwenye chuchu ya plastiki ili alale nayo huozesha meno yake. Mkaa na mchanga hukwaruza gamba la jino. Si kila kilichotoka shambani ni rafiki wa meno.

MSWAKI KATIKA SUNNA

Tukirudi katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), tunakuta msisitizo wake ni juu ya kuusafisha mdomo mara kwa mara. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake uzito, angeliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Hudhayfa (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipoamka usiku alikuwa akiusugua mdomo wake kwa mswaki. Na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba hata katika ugonjwa wake wa mwisho, Mtume (S.A.W.) alipouona mswaki mkononi mwa Abdulrahman bin Abi Bakr (R.A.), aliutamani. Bibi Aisha akaulainisha kwa meno yake, akampa, naye akautumia.

Ndugu zangu, sala ni tano kwa siku. Ukoga huanza kujijenga upya saa chache tu baada ya kusafisha. Anayesugua meno yake karibu na kila sala hauachi ukoga ukakomaa. Sunna hii ingelishikwa na watoto wetu ipasavyo, wangekuwa na meno bora kuliko wanaopiga mswaki mara moja tu asubuhi. Na asiyepata mti basi brashi ya plastiki inamsafisha, kwa kuwa lengo ni usafi wa kinywa na ridhaa ya Mola.

Wenye kufunga Ramadhani, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wanajua kwamba kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu. Lakini isiwe sababu ya kuacha kabisa. Sugua baada ya daku kabla ya alfajiri, na baada ya futari na tarawehe, maana usiku wa Ramadhani ndio wenye tende, tambi na vinywaji vitamu.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi:

1. Piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dakika mbili. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mswaki wa mti utumie nyakati nyingine za mchana.

2. Mti wa mswaki uwe mbichi na laini. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua taratibu mbele na nyuma ya meno pamoja na magego, na kata ncha iliyochakaa. Ukisugua kwa nguvu utachubua fizi. Usiazimane mswaki na mwenzako.

3. Ukila kitu kitamu, kile pamoja na chakula, kisha sukutua kwa maji. Usitafune pipi njia nzima.

Kwa wazazi:

1. Jino la utotoni lina thamani. Hulishikia nafasi jino la ukubwani, na likioza huuma na kuvimba kama lolote lingine. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya mengine, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Litazameni.

2. Mtoto asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Msafishieni meno tangu jino la kwanza linapoota. Chini ya miaka mitatu dawa ya meno iwe kama punje ya mchele, na kuanzia mitatu hadi sita iwe kama punje ya njegere. Msimamieni mpaka afike miaka saba au minane.

3. Punguzeni sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari kwa siku, yaani vijiko sita vya chai, na mtoto chini ya hapo. Chupa moja ya soda ya mililita 300 mara nyingi peke yake imeshazidi kiasi hicho.

4. Doa jeupe au la kahawia kwenye jino, tundu, au maumivu ya kitu baridi, ni wakati wa kwenda kwa daktari, kwani tundu dogo huzibwa na jino likabaki. Uso ukivimba au homa ikipanda, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, mti wa mswaki, karafuu, chai na vinginevyo tulivyovitaja ni neema za Allah (S.W.), na elimu ya leo inatuonesha baadhi ya hekima iliyomo ndani yake. Kuishukuru neema ni kuitumia mahali pake. Mswaki ni wa kusugua kila siku, karafuu ni ya kupooza maumivu usiku mmoja, chai ni ya kunywewa bila sukari nyingi, na tundu la jino ni la daktari. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba, na kumpeleka mtoto kwa daktari hakupunguzi kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Mwanafunzi wetu amerudi darasani. Amekwishamaliza Suratul Mulk, na kila siku akiingia anatuonesha mswaki wake mfukoni kabla hatujamuuliza. Nasi siku hizi tumeweka dakika chache kabla ya sala ya Alasiri, wanafunzi wote husafisha vinywa vyao, na walimu tukiwa wa kwanza. Tunaomba nanyi mtusaidie nyumbani.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape watoto wetu afya njema na ndimi fasaha katika kukisoma Kitabu chake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.